Ila Nini, Mwanangu?

Krach. Krach. Ndivyo kibodi yangu ilivyokuwa ikilia kila nikigusa kile kitufe kirefu cha chini, cha kuacha nafasi. Mchanga huo. Darasa letu lilikuwa Dunda, Bagamoyo, chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule, na dirisha lake lilikuwa la nyavu tu. Upepo ukivuma mchana unatuletea mchanga laini kama unga wa ngano, unaingia kwenye chai, kwenye masikio na kwenye kompyuta. Wenzangu walikuwa wakizipindua kibodi zao na kuzipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Mimi yangu niliihurumia, nikaiacha ilie. Hata leo nikikanyaga mchanga kwenye sakafu ya saruji, krach, namwona yule msichana niliyekuwa: ushungi umeteleza nyuma, ulimi nje kidogo, anaandika gemu.

Usicheke ukisikia gemu. Haikuwa na picha hata moja. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Kompyuta inakuandikia neno, wewe unaandika jibu, nayo inakujibu. Mwalimu wetu alisema kila mtu huanzia hapo, maana hakuna anayepika biriani kabla hajajua kuchemsha maji. Mwalimu mwenyewe alikuwa dada mmoja anayekaa Kerege. Alikuja kila siku kwa bodaboda, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali, na akishuka tu anaanza kufundisha hata helmeti hajavua.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalimnyamazisha mama siku nzima. Mama yangu si mtu wa kunyamaza. Baada ya hapo nilikaa nyumbani namsaidia kukaanga vitumbua asubuhi, na mchana naota. Naota kweli, macho wazi. Naweza kukoroga unga huku nimeshajenga nyumba, nimeweka kompyuta kila chumba, nimemnunulia mama jiko la gesi la sahani nne. Mama alikuwa akiniambia, "We, rudi. Kitumbua kinaungua."

Sasa mama ana dada yake, mama yangu mkubwa, anayepika chakula kando ya barabara kuu kule Lugoba. Malori yanasimama, mabasi yanasimama, na yeye anapakua. Alikuwa akinitaka nikamsaidie, na kila akipiga simu ilikuwa hayo hayo. "Mleteni huyo mtoto. Huko Bagamoyo anawaotea tu, hapa ataota huku anaosha sahani."

Nampenda mama mkubwa. Lugoba si pabaya. Lakini nilipopata nafasi kwenye yale mafunzo ya bure ya waliomaliza shule, nilijua nimegusa kitu changu, na nilimwomba mama anipe muda. Mama alifikiri mpaka vitumbua vya kikaango kile vikawa vyeusi. Mwisho akasema, "Maliza. Siku mtakayoonyesha kazi zenu tutakuja, mimi na dada yangu. Tukiona kitu, tumekiona. Tusipokiona, unaondoka naye siku hiyo hiyo."

Na mwalimu naye akaongeza lake. Likizo ilikuwa inakaribia, na alitaka kufungua darasa la watoto wadogo. Alihitaji msaidizi, kazi ya kweli ya kulipwa.

"Nitamchukua mtu ambaye mgeni atakaa kwenye gemu yake, ataicheza mwanzo hadi mwisho, na mwenye gemu asiseme hata neno moja," alisema. "Ukisimama pembeni unaeleza, 'hapo andika hivi, hapo usibonyeze,' gemu yako haijawa gemu. Mtu akishindwa mlangoni, umeshindwa wewe."

Mlangoni ndipo gemu yangu yote ilipokuwa.

Wenzangu walitengeneza gemu za kukimbizana na simba, za kubahatisha namba, za kupigana. Mimi kupigana sikuweza. Nilijaribu, nikaandika jambazi, halafu nikamwonea huruma, nikamfuta. Nikatunga yangu: bibi yako anaumwa, uko naye peke yenu nyumbani, na unatakiwa utoke upite mitaani ugonge milango mpaka upate mtu wa kukusaidia kumpeleka hospitali. Unaandika hodi. Ukijibiwa, unakaribishwa. Ukipiga hodi tatu kimya, unaondoka, kama tulivyofundishwa. Mwenye nyumba akifungua, anakuuliza habari za nyumbani, nawe unajibu. Jibu lako ndilo linaloamua kama atatoka na wewe au atafunga mlango.

Kijana mmoja aliyekaa kompyuta ya jirani, dereva wa bodaboda aliyekuja darasani na funguo za pikipiki zikining'inia kidoleni, alisoma nilichoandika akacheka.

"Sista, hii gemu ya kupiga hodi? Hata adui hamna?"

"Adui wa nini? Bibi anaumwa."

"Sasa mtu anashindaje?"

"Anapata mtu wa kumsaidia. Ndiyo kushinda."

"Duh," alisema, akarudi kwa simba wake.

Roho ya gemu ya namna ile ni masharti. Mwalimu alitufundisha kwa Kiswahili kwanza, kabla ya kutuonyesha maneno ya kompyuta. Kama hivi, fanya vile. La sivyo, kama hivi, fanya vile. La sivyo, basi. Alitwambia kompyuta inayasoma masharti kuanzia juu kwenda chini, na ikikuta moja limetimia, inafanya la hapo na yaliyobaki haiyatazami kabisa.

"Ni kama mtoto mvivu unayemtuma dukani," alisema. "Unamwambia kama kuna mkate lete mkate, kama hakuna lete maandazi, na ukiona mihogo mizuri lete mihogo. Akiona mkate tu, huyoo, anarudi. Hayo mengine hata hakuyasikia."

Tulicheka. Nikaenda kuandika masharti ya mlango wangu. Kama kwenye jibu la mchezaji kuna neno nzuri, au salama, au njema, mwenye nyumba aseme, "Alhamdulillah. Haya, wasalimie," afunge mlango. La sivyo, kama kuna neno mgonjwa au anaumwa, aseme, "Ngoja nichukue kanga yangu, twende." La sivyo, aulize tena.

Nikaijaribu. Habari za nyumbani? Nikaandika: bibi anaumwa. Ngoja nichukue kanga yangu, twende. Nilipiga kigelegele kidogo cha puani, maana mwalimu alikuwa anafundisha. Nikajaribu tena na tena, kila mara bibi anaumwa, kila mara mwenye nyumba anatoka. Siku hiyo nilirudi nyumbani natembea kama niliyevaa viatu vipya. Nikamwambia mama, "Lugoba watanisamehe." Mama akasema, "Osha mikono, tule."

Kesho yake nilimkalisha yule dereva. Akapiga hodi, akakaribishwa, akaulizwa habari za nyumbani. Akaandika: salama ila bibi anaumwa.

Alhamdulillah. Haya, wasalimie.

Mlango ukafungwa. Akaenda nyumba ya pili, akaandika vile vile, akafungiwa. Nyumba ya tatu, akafungiwa. Gemu ikaandika: umemaliza mitaa yote, bibi bado amelala peke yake. Sentensi ile niliiandika mimi mwenyewe, na kila nikiiona ilinichoma.

"Watu gani hawa?" dereva alisema. "Namwambia bibi anaumwa, anashukuru Mungu!"

"Kwani wewe kwa nini umeandika salama? Bibi anaumwa, wewe unasema salama?"

Akanigeukia kabisa, funguo zikalia. "Sasa unataka nifike kwa mtu, ameniuliza habari, nimrushie bibi anaumwa usoni? Hata hatujasalimiana? Mimi nimelelewa, sista."

Nikaona anajitetea. Nikamwita mke wa mwenye duka, naye akafungiwa. Nikamwita mwanafunzi mwingine, akafungiwa. Wote wanaanza na nzuri, na salama, na njema alhamdulillah. Nikaongeza maelezo juu ya gemu, kwa herufi kubwa: TAFADHALI KAMA HALI SI NZURI USISEME NZURI. Mke wa mwenye duka alisoma, akaitikia kwa kichwa, halafu akaandika: nzuri tu, ila bibi ni mgonjwa.

Alhamdulillah. Haya, wasalimie.

Kibaya zaidi, kompyuta haikulalamika. Ukikosea herufi kwenye programu, inakuletea maandishi mekundu, inakwambia mstari fulani una tatizo. Hapa kimya. Kila kitu kinaenda sawasawa, ila bibi anabaki peke yake. Nilisoma mistari yangu mpaka macho yakaniwasha. Mwisho nikamwita mwalimu. Akavuta kiti, akacheza. Naye, mwalimu mzima, akaandika: nzuri tu, bibi ndiye mgonjwa. Akafungiwa.

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi machozi yalikuwa karibu.

"Mwalimu, nionyeshe kosa."

"Kompyuta haina kosa. Imefanya ulichoiambia."

"Basi watu ndio wanakosea."

"Na mimi nimekosea?" Alinitazama, kicheko bado kimebaki mashavuni. "Siku ya maonyesho hutaweza kuwafundisha wageni namna ya kujibu salamu. Angalia ulichoiambia kompyuta. Halafu angalia watu wanavyosema. Sikuongezei neno."

Nikawaza, haya, Lugoba hiyo. Nikaanza hata kujizoesha kuwazia zile sahani.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa uani nakoroga unga wa vitumbua. Mama ameinama kwenye jiko, anageuza kwa kijiti chake. Tukasikia hodi, mama akaitikia karibu, akaingia jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama mtu mzima ambaye mumewe alikuwa seremala. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Nikasema sijambo. Kisha yeye na mama wakaanza.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Sijui wewe?"

"Salama tu, alhamdulillah."

"Watoto hawajambo?"

"Wazima wote."

"Na mzee?"

"Hajambo, tunamshukuru Mungu. Na hapa biashara?"

"Twasukuma hivyo hivyo."

Jirani alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye ukuta. Akatazama vile vitumbua. Akasema, "Ila..." akaishia hapo.

Mama akaweka kijiti chini. "Ila nini, dada?"

"Ila mzee tangu alfajiri hajainuka kitandani. Namsemesha, maneno hayatoki vizuri. Mwili moto."

Hata hajamaliza, mama alishajitupia kanga begani, kikaango amekiepua, ananiambia zima moto. Nilizima. Tukatoka watatu. Tulimkuta mzee amelala ubavu, midomo imekauka, na tulipomwinua mimi nilishika miguu, maana ndiyo iliyokuwa mizito. Miguu ile ilikuwa ikitetemeka. Tukamfikisha kwenye bajaji. Dereva wa bajaji akamsalimia, "Mzee, hujambo?" Na mzee, amebebwa na wanawake watatu, kichwa hakisimami, akajibu kwa sauti ndogo, "Sijambo, mwanangu. Sijambo."

Bajaji ikaondoka na mama na jirani. Mimi nikabaki barabarani na unga umekauka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa namwombea mzee, kweli kabisa, na hapo hapo, nisamehewe, kichwani mwangu kitu kikafunguka.

Jirani alisema salama. Alisema wazima wote, mzee hajambo. Na hakuna aliyemwona mwongo. Mama hakumwuliza kwa nini umesema hajambo na huku hajainuka kitandani. Tumezoea. Zile salama za mwanzo ni adabu, unamtua mwenzako kwanza usije ukampasua moyo mlangoni kwake. Habari yenyewe inakuja nyuma. Na aliye na shida mara nyingi hata haisemi. Anasema "ila", ananyamaza, anangoja aulizwe. Mama yangu anajua hivyo tangu kuzaliwa. Mzee anajua na homa yake. Dereva wa bodaboda alinieleza waziwazi, amelelewa, na mimi nikamwona mbishi. Mwenye nyumba wa kwenye gemu yangu tu ndiye aliyekuwa akisikia salama ya kwanza na kufunga mlango. Na niliyemfundisha utovu huo wa adabu ni mimi, kwa kuweka sharti la salama juu kabisa, kama mkate wa yule mtoto mvivu.

Nilikwenda darasani vile vile na unga wangu. Kibodi ikalia krach, nikaiambia vumilia. Nikalichukua lile sharti la nzuri na salama na njema, nikalishusha chini. Juu kabisa, kabla ya yote, nikaweka: kama kwenye jibu kuna ila, au lakini, mwenye nyumba asiseme alhamdulillah. Aseme, "Ila nini, mwanangu? Sema, nipo." Na atakachojibiwa hapo, chochote kile, kwa maneno yoyote ya mjini au ya shamba, achukue kanga atoke. Yale maneno mgonjwa na anaumwa nikayaweka katikati, kwa wale wachache wasio na subira kama mimi.

Nikamkalisha dereva. Akaandika: salama ila bibi anaumwa. Ila nini, mwanangu? Sema, nipo. Dereva akarudi nyuma kwenye kiti. "Ee bwana wee," alisema taratibu. Akaandika bibi kazidiwa, mwenye nyumba akachukua kanga, wakatoka. Nilimshika mabega nikamtikisa mpaka funguo zikaanguka.

Furaha haikukaa. Mke wa mwenye duka alikaa kwa utundu, akaandika: salama, kila mtu mzima. Na mwenye nyumba akamwuliza, ila nini, mwanangu? Mama wa watu akashangaa. "Mbona ananitafutia balaa?" Kumbe kompyuta ilikuwa imeokota neno ila lililomo ndani ya neno kila. Hiyo ilinichukua mchana mzima, lakini safari hii sikulia hata kidogo. Nilijifunza kuikata sentensi neno moja moja kwanza ndipo nitafute, na nilipomaliza nilikuwa naimba. Kosa ukishalijua linakaa wapi, ni kama mwiba unaouona. Unautoa tu.

Mzee alirudi nyumbani wiki ile ile, amekonda lakini anatania. Nilimpelekea uji, akaniuliza kama ni kweli ninazungumza na mashine. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Isalimie."

Siku ya maonyesho darasa lilijaa. Wazazi, majirani, watoto wamekaa kwenye mikeka mbele. Mama alikuja amevaa kanga mpya. Na mama mkubwa akashuka basi la Msata, njia ya kutoka Lugoba, akaingia na sauti yake inayotangulia mwili.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, marahaba mwanangu. Umekonda! Lugoba utanenepa. Nimeshakutandikia kitanda." Akatazama kompyuta zote. "Haya, iko wapi hiyo ndoto?"

Mwalimu akasema wageni wachague watakapokaa. Mama mkubwa hakuchagua, alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa, kiti kikalalamika. Mwalimu akanitazama, akaweka kidole mdomoni: usiseme neno. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, karibu na mama. Mama akanishika mkono. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika mkono lini.

Mama mkubwa aliandika kwa kidole kimoja, na kila alichoandika alikitangaza kwa wote. "Ho-di. Haya. Kimya? Ho-di tena. Aa, karibu anasema, asante bwana. Anauliza habari za nyumbani." Akajiweka sawa, akapandisha kanga begani, kama vile yuko mlangoni kweli. Na akaanza kuandika. Aliandika na kuandika. Mimi nasoma kwa mbali. Nzuri tu alhamdulillah watoto wazima wote, mahindi yamekubali mvua ya mwaka huu, ng'ombe wa jirani kazaa, hatuna neno, ila

Hapo kidole chake kikateleza. Akabonyeza kitufe cha kutuma. Jibu likaondoka hivyo hivyo, na ila ikining'inia mwishoni bila chochote nyuma yake.

Nilifumba macho. Sikuwahi kuijaribu hivyo. Hakuna mtu aliyewahi kuishia pale. Mkono wa mama ukanibana, nadhani hakujua kwa nini.

Kisha nikamsikia mama mkubwa anasoma, kwa sauti ambayo haikuwa ile ya kutangaza. "Ila nini, mwanangu? Sema, nipo."

Mama mkubwa aliweka kiganja kifuani. Akaigeukia skrini, akatugeukia sisi.

"Kanisubiri," alisema. "Mmeona? Kanisubiri niseme."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwambie basi, mama!" Watu wakacheka, naye akainama tena kwenye kibodi, akaandika polepole kwamba bibi hajisikii tangu jana. Hajisikii! Neno hilo sikuliweka popote kwenye gemu yangu, na halikuhitaji kuwekwa. Mwenye nyumba akachukua kanga yake akatoka. Gemu ikaandika mstari wa mwisho, ule ambao nje ya darasa letu hakuna aliyewahi kuusoma: bibi amefika hospitali, ameshikwa mkono huku na huku. Hongera.

Watoto wa mkekani wakapiga makofi kwanza, halafu wakubwa. Dereva wa bodaboda akapiga mluzi ambao mwalimu alijifanya hajausikia. Mama akaniachia mkono ili apige kigelegele, na kigelegele cha mama yangu kinafika sokoni.

Mama mkubwa alisimama, akanijia, akanishika mashavu kwa mikono inayonuka vitunguu. "Nani kakufundisha kumuuliza mtu hivyo?"

"Nyie," nilisema. "Mlivyo tu, mama mkubwa."

"Hebu tazama." Akamgeukia mama. "Huyu nikimpeleka Lugoba akaoshe sahani, mimi nitaulizwa na Mungu. Kitanda kile nitamlaza mtu mwingine."

"Nilikwambia," mama alisema, ingawa hakuwahi kumwambia.

"Ulinambia nini? Ulikuwa unalia kwenye simu!"

"Dada, watu wanasikia."

Mwalimu alikuja katikati ya ubishi huo na helmeti mkononi, akaniuliza kama Jumatatu naweza kuja mapema, maana watoto wa likizo wameshajaa na wengine hawajawahi kuona kompyuta. Nikasema naweza. Nikasema tena naweza. Nilisema mara nyingi mpaka akacheka akanipa ufunguo wa darasa.

Jumatatu nilifika kabla hata mwenye duka hajafungua. Nilifungua chumba, nikafagia mchanga, nikapanga viti, nikawasha kompyuta moja baada ya nyingine nikizisikia zinavuta pumzi. Halafu nikakaa kwenye kiti kimojawapo nione mtoto ataona nini. Miguu yangu ilifika chini. Ya mtoto haiwezi kufika. Nikatoka uani, nikaokota ndoo ya rangi iliyokwisha, nikaiosha bombani, nikaikausha kwa upindo wa kanga, nikaigeuza mdomo chini na kuisukuma chini ya meza ya mbele, pa kuwekea miguu.